Mwalimu naomba kuuliza: madigadi, baga na "sorry" ya Bagamoyo

Wapenzi wasomaji habari za hapo mlipo. Mwezi huu maswali yamejaa kwenye simu yangu mpaka saa tano usiku bado naisikia inalia, nashukuru sana, na wengi mnaouliza sio wanafunzi tena, ni mafundi, mama ntilie, waongoza watalii, wazee wa barazani, na hicho ndo kinachonipa moyo wa kuendelea na safu hii. Ambaye swali lake halijatoka asinune, lipo, nimelihifadhi. Naanza na lililonigusa kuliko yote, mnisamehe jibu likiwa refu.

Shikamoo mwalimu. Mi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, juzi kaja dogo mmoja anasoma hizi shule za Kiingereza, nikamwambia digadi lako la nyuma limepinda nalinyoosha buku mbili tu, akacheka mpaka akakaa chini, eti hakuna neno digadi, neno ni "mudguard" na hata likiwa moja ni hivohivo. Mi tangu nizaliwe nasikia digadi moja madigadi mawili. Tumekosea miaka yote hii?

Marahaba fundi wangu. Hamjakosea, na ntakueleza kwa nini nasema hivo kwa uhakika.

Jana asubuhi nilipita makusudi kwa fundi wangu mimi, wa barabara ya kumi na mbili. Nikamkuta kaigeuza Phoenix ya mtu juu chini, siti na hendeli vimelalia chini, magurudumu yako hewani, digadi la mbele kalitoa, lile bati upande wa ndani lina kutu pale tope linapogandia, kaliweka juu ya kipande cha reli analigonga taratibu na nyundo ndogo, anageuza, anafumba jicho moja kuangalia kama limenyooka, anagonga tena. Nikamuuliza hayo yanaitwaje, akasema madigadi. Na hilo ulilolishika? Digadi. Hata macho hakuinua, maana ni kama nimemuuliza mkono wake unaitwaje.

Sasa neno lilivyokuja na baiskeli lilikuwa "mudguard", yaani "mud" ni tope na "guard" ni mlinzi, mlinzi wa tope. Sikio la Mswahili likasikia "ma" pale mwanzoni, na sisi "ma" ni nini kama sio wingi? Gari magari, dirisha madirisha, duka maduka. Kwahiyo hayo mawili yakawa madigadi, na ukilitoa moja, "ma" inatoka yenyewe, linabaki digadi. Hakuna kikao kilichokaa kupitisha, watu wamelikata neno pale lugha yao inapokatia maneno. Ndo hivohivo kile kibao cha Kiingereza cha kwenye mzunguko wa barabara kinachokuambia kaa kushoto, "keep left", kimetupa kipilefti, na vikiwa viwili vipilefti. Klabu ya Kiingereza ikawa kilabu, wingi vilabu. Hata kitabu chenyewe ndugu yangu, neno la Kiarabu hilo, "ki" ya mbele sio kiambishi chetu, ni sehemu ya mzizi, ndo maana ukoo wake ni katibu na maktaba, ile k na t na b zinatembea pamoja. Lakini nani leo anasema "kitabu viwili"? Tunasema vitabu na mbingu hazijaanguka.

Sasa yule dogo ungemwambia hivi. Waingereza nao wamefanya mambo hayohayo na wameyaandika kwenye kamusi zao. Zamani kwao njegere iliitwa "pease", s ile ilikuwa ya neno lenyewe, haikuwa ya wingi. Watu wakaisikia s mwishoni wakadhani ni wingi, kwenye karne ya 17 wakaitoa, wakapata "pea", punje moja. Hilo ni digadi kabisa! Na lile tunda "cherry", Wafaransa wa Normandi walilileta likiwa "cherise", Mwingereza akasikia s, akaitoa. Digadi la pili hilo.

Alafu kuna ile vazi la jikoni, "apron". Lilikuwa "napron", ni ukoo mmoja na "napkin" kile kitambaa cha kujifutia, n bado unaiona pale. Ila wao kabla ya jina wanaweka "a" au "an", watu wakawa wanasema "a napron" haraka haraka, n ikahama ikaenda kujibandika kwa jirani, ikawa "an apron". Nyoka mdogo "adder" alikuwa "nadder", naye kaibiwa n yake vilevile. Mwamuzi wa kriketi na netiboli "umpire" alikuwa "noumpere". Na mara nyingine n ikaibiwa upande wa pili, "an eke name", yaani jina la nyongeza, likawa "a nickname", hilohilo jina la utani ambalo kila mtu wa Tanga analo.

Nimesema limenigusa. Nilipokuwa kidato cha kwanza tuliambiwa tuandike insha ya Kiingereza juu ya chombo cha usafiri nyumbani, nikaandika juu ya baiskeli ya babu, nikaandika "the front digad was broken". Insha yangu ikasomwa mbele ya darasa zima, sentensi ileile ikarudiwa mara tatu ili watu wacheke vizuri, na waliocheka wote kwao wanasema madigadi. Nilikaa karibu mwaka mzima sinyooshi kidole darasani. Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye Kiingereza andika "mudguard" kwa sababu wao wamelikata hivi, na kwenye Kiswahili sema digadi kwa sababu sisi tumelikata vile, maneno mawili ya lugha mbili, basi. Dakika moja ingetosha. Kwahiyo fundi, kwa huyo dogo mwambie hivohivo tena kwa upole, alafu mnyooshee digadi lake.

Asalaam alaykum mwalimu. Nipo Chumbageni, nina watoto watatu, wamekataa kula hamburger kwenye sherehe ya mwenzao kwa sababu shuleni wamefundishwa "ham" ni nyama ya nguruwe. Nikawaambia ni ya ng'ombe hiyo, wakasema mbona jina linasema ham. Nimekosa jibu.

Waalaykum salaam mama, watoto wako wana akili, wamelisoma neno. Ila jina hili halina nguruwe. Hamburg ni mji wa bandari kule Ujerumani, na kwa Kijerumani kitu cha Hamburg kinaitwa "Hamburger", basi nyama ya kusaga ya mtindo wa huko ikavuka bahari mpaka Marekani na jina la mji wake. Kiungo cha neno kiko baada ya Hamburg. Wamarekani wakakata kwenye "ham", kilichobaki mkononi kikawa "burger", wakaanza kuunga wanavyotaka, "cheeseburger", "chickenburger", na sisi tukalichukua likiwa limeshakatwa, tunasema baga. Unaona fundi wa Ngamiani sio peke yake.

Kuhusu kilichomo ndani, hilo muulize aliyepika, ndo haki yako na ya watoto, jina la chakula halichinji nyama.

Habari mwalimu, mi naongoza watalii Bagamoyo. Kuna mama mmoja wa Kiingereza nilikuwa nae Kaole kwenye magofu, akajikwaa kwenye jiwe pale karibu na msikiti wa kale, nikasema "sorry, sorry mama". Akanijibu "why, it's not your fault". Nikanyamaza nikajiona mjinga. Wenzangu wanasema sisi tunaitumia vibaya hiyo "sorry". Kweli?

Kijana wangu usijione hivo hata kidogo. Wewe moyoni ulisema pole. Mtu kajikwaa, mtu kafiwa, mtu kabeba mzigo mzito, mtu ana mafua, mtu katoka kazini kachoka, sisi tunampa pole, na kwenye pole hakuna kukiri kosa, ni kumwambia nimeona kilichokupata na nipo nawe. Ukaitafutia nguo ya Kiingereza ukakuta iliyo karibu ni "sorry", ukamvisha. Afrika Mashariki yote tunafanya hivo na Afrika Magharibi wanafanya hivohivo, sio kosa la mtu mmoja.

Na ngoja nikupe kitu ambacho mi mwenyewe nilipokijua nilifurahi siku nzima. Wengi wanadhani "sorry" ni mtoto wa "sorrow", huzuni, kwa sababu zinafanana. Hapana. "Sorry" imetoka kwenye "sore", na "sore" ni panapouma, ni kidonda. Kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa "sarig", mtu mwenye maumivu moyoni. Yaani kwa asili yake anayesema "I am sorry" anasema mimi nina kidonda, naumia, na kuumia unaweza kuumia kwa ajili ya mwenzio bila wewe kumkosea. Ile ya kuomba radhi ilikuja kukaa juu yake baadaye, ikapanuka mpaka ikafunika nyumba nzima, ila haijafunika kila chumba maana mpaka leo Mwingereza msibani anasema "I'm sorry for your loss" na hakuna anayemuuliza kwani wewe ndo umeua. Kwahiyo wewe pale Kaole ulikuwa karibu zaidi na mzizi wa neno kuliko yule mama mwenye lugha yake.

Hata hivyo kazi yako ni kueleweka, na yeye leo akisikia "sorry" mtu kajikwaa, anasikia "nimekukosea". Mgeni akijikwaa muulize "are you all right?" huku umempa mkono. Alafu mfundishe pole. Ni neno fupi, na akiondoka Bagamoyo na neno hilo moja ameondoka na kitu ambacho kwao hakina jina lake.

Mwalimu mi mzazi, kijana wangu wa miaka 16 kila kitu kizuri anasema "sick", gari "sick", viatu "sick", wimbo "sick". Si ni ugonjwa huo jamani? Kiingereza kimeharibika au mtoto ndo kaharibika?

Hajaharibika mtoto wala Kiingereza mama. Hebu wewe mwenyewe sikiliza vijana wa hapa, mchezaji akipiga chenga wanasema "huyu jamaa hatari!", muziki mzuri "ni balaa", nguo imempendeza mtu "noma sana". Hatari, balaa, noma, yote ni maneno ya shari, na yote tunamsifia nayo mtu. Kitu kikizidi nguvu maneno mazuri ya kawaida yanaonekana hayatoshi, yamepoa, kwahiyo mtu anakopa kwenye upande wa kutisha kwa sababu huko ndo kuna uzito.

Na sio mambo ya vijana wa leo tu. "Terrific" ambalo leo hata bosi wako akikusifia kazi analisema, limetoka kwenye Kilatini neno la kutisha, karne ya 17 Mwingereza akisema kitu ni "terrific" alimaanisha kinatia hofu. Pacha wake "terrible" yupo palepale kwenye ubaya hajahama. Mzizi ni uleule, mmoja kaenda kwenye heri mwingine kabaki kwenye shari. Tazama na "awful" na "awesome", yote mawili yana "awe" ndani yake, ule woga wa heshima kama mtu anavyousikia mbele ya bahari usiku, leo moja ni baya sana, jingine ni zuri sana.

Linalonishangaza zaidi mimi ni "nice". Neno la upole kabisa, tunalifundisha siku ya kwanza, "nice to meet you". Asili yake Kilatini "nescius", asiyejua kitu, likapita Ufaransa, likaingia Uingereza kwenye miaka ya 1300 likiwa ni tusi, mpumbavu. Likageuka likawa mtu wa kuchagua chagua, kisha mtu wa makini, kisha karne ya 18 likatulia kwenye uzuri. Na "silly" ambalo leo ni mpuuzi lilipita njia hiyohiyo likitokea upande wa pili, kwao zamani lilikuwa mwenye baraka, Wajerumani mpaka leo wana "selig" yenye maana hiyo njema. Yamepishana njiani, moja linapanda jingine linashuka.

Kwahiyo kijana mwache na "sick" yake nyumbani na kwa wenzake. Mkumbushe tu kwenye mtihani na kwenye barua ya kazi asiitumie, na akiwa na mgonjwa mbele yake pia.

Nina duka la rejareja, daftari la madeni halinitoki mkononi, ila kila nikiandika "debt" nasahau ile b. Inafanya kazi gani mle ndani?

Haifanyi kazi yoyote. Nakuambia kweli. Neno limetoka Ufaransa likiwa "dette", na Waingereza waliandika hivohivo "dette" kama wanavyotamka, kisha wasomi wao wakaona aibu kwamba halifanani na "debitum" ya Kilatini wakaichomeka b ionekane ina ukoo mkubwa. Hakuna aliyewahi kuitamka. Vilevile p ya "receipt", imechomekwa kwa sababu ya Kilatini, na s ya "island" ni mbaya zaidi maana neno lile ni lao la asili, halihusiani na Kilatini hata kidogo, s imeingia kwa kulifananisha na jirani yake "isle".

Ukiangalia risiti yetu, tulipoichukua tuliiandika tulivyoisikia, p ikabaki hukohuko kwao. Wewe kwenye daftari lako andika deni. Ila kwa mwanao wa shule b ni lazima, mwambie aikumbuke kwa "debit" ile anayoiona kwenye kadi ya benki, pale inatamkwa.

Kwa nini jarida kama hili kwa Kiingereza ni "magazine" na ile sehemu ya bunduki ya kuwekea risasi nayo ni magazini? Vinahusiana nini? Mlinzi, Raskazone.

Ghala. Neno ni la Kiarabu, "makhzan" ni mahali pa kuhifadhia vitu na wingi wake "makhazin", likapita kwa Wataliano na Wafaransa likafika Uingereza likiwa ghala la bidhaa, kisha hasa ghala la silaha na baruti, na huko ndo risasi zako zinakotoka. Mwaka 1731 London likaanza chapisho lililoitwa The Gentleman's Magazine, kwa maana kwamba ni ghala la habari na maarifa, mchanganyiko humo ndani, na tangu hapo machapisho ya aina hiyo yakaitwa hivo mpaka watu wakasahau ghala. Na kwenye Kiarabu hichohicho, mzizi uleule, sisi tumepata hazina. Yaani "magazine" na hazina ni ndugu wa baba mmoja, na mimi mwandishi wa safu hii nimelipenda sana hilo.

Mwalimu, bosi wangu mgeni kanikasirikia. Nilikuwa natoka kwenda kuchukua mzigo nikamwambia "I am coming", akakaa ananisubiri palepale, kumbe mi nimeondoka.

Ulisema nakuja, kama sisi wote tunavyosema tukiwa tunainuka kwenye baraza, nakuja, naja sasa hivi, na mwenyeji anaelewa unaondoka ila utarudi. Kwa Mwingereza "I'm coming" ni kwamba uko mbali na unaelekea alipo yeye, kwahiyo alikuona umesimama mbele yake unamwambia unaelekea kwake. Sema "I'll be right back".

Na usichelewe, maana kuna jingine, "sasa hivi" yetu. Fundi akikuambia sasa hivi namalizia unajua hiyo ni baada ya alasiri. Kwao limewapata hilohilo, "soon" kwenye Kiingereza cha kale maana yake ilikuwa papo hapo, dakika hii, na "presently" nayo ilikuwa papo hapo, watu wakaahidi wakachelewa, wakaahidi wakachelewa, maneno yakachoka, leo ni baadaye kidogo. Neno la haraka likitumiwa na watu wasio na haraka linalegea.

Nafanya kazi shamba la mkonge huku Muheza, kwenye korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge. Tunaona magunia na marobota yameandikwa "sisal". Sisal ni nini? Ni jina la mzungu?

Ni jina la bandari. Mkonge asili yake Meksiko, rasi ya Yucatán, na huko kuna mji mdogo wa pwani unaitwa Sisal, singa zilikuwa zinapakiwa melini hapo, kwahiyo waliozipokea ng'ambo wakaona mzigo umetoka Sisal, wakaita sisal, basi. Hawakuuliza mmea wenyewe uko wapi. Ni kama watu wangeita karafuu Forodhani kwa sababu zimepitia Forodhani.

Huku kwetu mkonge ulifika 1893, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapita Ujerumani ikaja mpaka huku, na iliyobaki hai ilikuwa 62 tu. Sitini na mbili. Ukisimama Muheza ukatazama ile mistari ya mkonge inavyokwenda mpaka milimani, ndo ilikoanzia hiyo. Wazee wetu hawakuchukua jina la bandari ya watu, wakaupa la kwao, mkonge.

Kuita kitu kwa mahali unapodhani kimetoka ni tabia ya dunia nzima, na mara nyingi watu wanapakosea. Bata mzinga asili yake Amerika, Waingereza wakamwita "turkey", Uturuki, kwa sababu walimchanganya na kanga, ndege waliyezoea kuuziwa na wafanyabiashara wa huko. Waturuki wenyewe wanamwita "hindi", wakidhani wa India. Na sisi tusiwacheke. Nafaka tunayosaga ugali kila siku imetoka Amerika nayo, na tunaiitaje? Mahindi.

Nina miaka 71, nakaa Bagamoyo. Mjukuu wangu ana rafiki Mzungu, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha zamani "tomorrow I go safari, Muheza". Akauliza wanyama gani nitawaona Muheza. Nikashangaa, safari si neno letu? Limekuwaje huko?

Shikamoo mzee wangu. Ni letu, nasi tulilipata kwa Waarabu, "safar", kusafiri, na kwa Mswahili safari ni safari, iwe ya Makka, ya hospitali, ya sokoni Segera. Kwao liliingia kupitia mji wako mwenyewe. Mwaka 1857 wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na Speke walipokwenda bara kutafuta maziwa makubwa walianzia hapo Kaole, na Burton akalitumia neno kwenye maandishi yake ya Kiingereza, wakati huo bado likiwa na maana ya msafara, wapagazi, mizigo, miezi njiani, kama lilivyokuwa kwenye vinywa vya wapagazi wenyewe.

Kisha wakaja wawindaji. Rais wa Marekani aliyetoka madarakani, Theodore Roosevelt, alipokuja kuwinda Afrika Mashariki 1909 magazeti ya kwao yalimfuata kwa kila hatua, na neno likashikana na bunduki na simba. Bunduki zikapungua zikaja kamera, simba akabaki. Mwaka 1966 pale Longleat, Uingereza, wakafungua mbuga ya simba ambayo mtu anapita ndani ya gari lake, watu hao wanasema wamekwenda "safari" na jioni wanakunywa chai nyumbani kwao. Hata ukishika simu ya iPhone, programu ya kufungulia intaneti inaitwa Safari. Neno limesafiri mzee, ila limefika kule limevuliwa kila kitu, limebakishiwa wanyama tu. Misiba imetolewa, harusi zimetolewa, biashara, kumjulia hali mgonjwa, vyote vimeachwa bandarini.

Na sasa linarudi. Pale Bagamoyo mjini utaona vijana wanasema "tunapeleka safari Saadani" wakimaanisha kuona tembo, na dereva wa basi la Muheza hapo jirani anasema safari njema kwa maana ileile ya babu yake. Yote mawili yapo mtaa mmoja.

Ukitaka yule rafiki wa mjukuu akuelewe upesi sema "I'm travelling to Muheza". Mimi lakini nilijiwekea kwamba neno hili silipunguzi. Mwezi uliopita mgeni kaniuliza hivohivo kituoni nikiwa na kikapu cha mchele na kanga mbili za kupeleka, nikamwambia, on safari, yes, naenda Muheza kwenye msiba wa shangazi yangu, nitalala siku tatu. Akasogea akanipa nafasi ya kuweka kikapu, akaniuliza shangazi alikuwa anaitwa nani.